Mshipa Umerudi Mahali Pake

Fundi wa mabomba hatumii nguvu za mabega. Watu hudhani hivyo kwa sababu hutuona tukibeba mabomba na kuchimba mitaro, lakini mtaro hata mgeni aliyeingia mjini jana anachimba. Kazi yenyewe iko kwenye mkono wa kulia, katika kugeuza: kukaza na kulegeza. Umelala chali chini ya sinki, maji yanakudondokea puani, na huo mkono peke yake ndio unaojua nati imefika wapi. Ukizidisha kidogo, inapasuka. Ukipunguza, inavuja, na mwenye nyumba anakupigia simu Jumapili ukiwa kanisani. Mkono wangu wa kulia ndio uliotulisha, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, katika chumba chetu cha Kangemi, tangu nilipotoka kwetu magharibi nikiwa na begi moja na mdomo usiojua kufunga breki.

Jioni baada ya kazi nilikuwa nikienda jim. Usiniulize mtu aliyeshinda akibeba mabomba anaenda kutafuta nini kwenye vyuma. Mke wangu aliniuliza hilo karibu kila siku. "Umebeba za watu mchana kutwa, sasa unaenda kubeba zako?" Nilimwambia ni afya. Afya gani! Nilipenda sifa, basi. Jim yetu ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, nyuma ya mahali pa kuoshea magari, na vyuma vyenyewe vilikuwa gia za lori na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, yakatiwa kwenye ekseli. Kioo cha kujitazama hakikuwepo. Tulitazamana sisi kwa sisi, na kuchekana.

Siku hiyo waliongeza gia moja kila upande. Nikainama, nikashika chuma kama tulivyozoea, kiganja cha kushoto kikinitazama mimi na cha kulia kikitazama mbele, ili kisiteleze. Jamaa mmoja akasema, "Buda, wachia wanaume." Mimi ni mtu wa kuambiwa hivyo? Nikavuta.

Chuma kilipofika magotini, kitu kikakatika ndani ya kiwiko changu cha kulia. Pwa! Si kwamba nilihisi tu, kilisikika. Nilijua kimesikika kwa sababu yule aliyekuwa akinichokoza alirudi nyuma hatua moja, mdomo wazi. Chuma kikaanguka, vumbi likatimka. Redio ya waosha magari ndiyo tuliyoisikia.

Kisha mkubwa wetu pale jim, mtu ambaye aliwahi kushindana huko nyuma na kwa hiyo kila mtu alimwamini, akaja, akanishika mkono, akautazama huku na huku. "Mshipa umeruka," akasema. Wengine wakaitikia. Eeh, mshipa umeruka. Huo ni mshipa. Pole buda, mshipa ni mbaya.

Na mimi nikalichukua hilo neno nikaenda nalo nyumbani. Kwetu sisi mshipa ni kila kitu. Kinachopitisha damu ni mshipa. Kinachokuuma shingoni ukilala vibaya ni mshipa. Kinachokupiga stimu ukigonga kiwiko ni mshipa. Mzee akivimba kule chini tunasema ana mshipa, halafu tunabadilisha mazungumzo. Neno moja linatosha mwili mzima, na wote tunaelewana, au tunadhani tunaelewana.

Kufikia asubuhi mkono ulikuwa umebadilika rangi kutoka kiwikoni hadi karibu na kiganja. Mke wangu aliwasha taa, akaruka. "Woi! Huu ni mkono ama ni biringanya?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anajiandaa kwenda kazini Westlands, anakosafisha ofisi katika jengo moja la ghorofa, lakini alivua koti, akakaa kitandani, akasema haendi popote mpaka aone nimekwenda hospitali.

Tukaenda kliniki ya mtaani. Kijana wa koti jeupe, ambaye sote tulimwita daktari, akaniuliza kumefanyika nini.

"Mshipa umeruka, daktari. Nikiinua vyuma."

Akabonyeza hapa na pale. "Kunja mkono." Nikakunja. "Nyoosha." Nikanyoosha, nikiuma meno. Akatabasamu. "Sasa unaona? Kama ingekuwa imevunjika, hungekunja. Mshipa ilishtuka tu. Itatulia."

Nikapigwa sindano ya matako, nikapewa tembe, nikafungwa bendeji. Nilitoka nimeridhika kabisa. Kangemi ukitoka kwa daktari bila sindano unahisi umeibiwa.

Na kweli ikatulia. Siku chache tu, maumivu yakaisha. Yaliisha upesi mno, na hapo ndipo ningeogopa kama ningetumia akili ya kazi yangu. Bomba linalopiga kelele ukutani lina maji ndani yake. La kuogopa ni lile lililonyamaza. Lakini nani anaogopa kukosa maumivu? Nilimshukuru Mungu nikasinzia mchana kama mtu mwenye mshahara wa mwezi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa haridhiki. Alikuwa akiutazama mkono wangu nikiwa nimelala. Nilimfumania mara kadhaa. "Mbona mkono umekaa hivyo?" akaniuliza. Umekaaje? nikamuuliza. "Sijui. Umekaa tu hivyo." Mwenzake wa kanisani akamwambia kuna mama mmoja nyuma ya soko, mtu wa kwetu, anayekanda mishipa. Alisifiwa sana. Watoto waliopinda shingo, wanawake wa migongo, wachezaji wa mpira, wote walipitia mikononi mwake wakatoka wakitembea. Nilibisha kidogo, kwa desturi yangu, kisha nikaenda.

Alikuwa mama mnene, mpole, na vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko vya wenzangu wa jim. Aliniita mwanangu. Akachemsha mafuta yenye vitunguu saumu, akajipaka viganjani, akaanza kupapasa kutoka begani kushuka chini. Alipofika katikati ya mkono wa juu akasimama.

"Aah. Mwanangu, umepanda huu."

"Umepanda, mama?"

"Mshipa umepanda juu. Umejikunja hapa. Sikia." Akanishika kidole cha kushoto akakiweka pale. Kweli palikuwa na donge, laini, lenye joto. Chini yake, kuelekea kiwikoni, palikuwa patupu. Nywele zikanisimama. Nilikuwa nimeishi na mkono huo maisha yangu yote na sikuwahi kupajua mahali hapo.

"Utarudi?" nikauliza.

"Kila kilichotoka kinarudi," akasema, akaniwekea mpindo wa leso mdomoni.

Sitasimulia sana. Alilisukuma lile donge chini kwa vidole gumba viwili, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, na mimi niliung'ata ule mpindo wa leso hadi meno yakapita. Jasho lilinitoka nikalowa. Mwishowe akaufunga mkono kwa kitambaa, akakaza, akafumba macho akaomba kwa lugha yetu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi, "Umerudi. Mshipa umerudi mahali pake." Nikahisi mkono mwepesi. Nilitoka pale nikiwapungia mkono watu nisiowajua.

Kazi ya kwanza niliyorudia ilikuwa Kitisuru. Kule kuna mama mmoja wa Kihindi, mjane, nyumba kubwa ya zamani, mabomba ya chuma yaliyooza tangu zamani, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa kama ndugu. Yeye huniita fundi, mimi humwita mama. Nilitembea kupitia Loresho nikipiga mluzi. Alitaka nibadilishe koki ya tangi la nyuma, kazi ndogo.

Nikaweka spana kwenye nati, nikashika kwa mkono wa kulia, nikageuza.

Mkono haukuuma, na hilo ndilo linalonirudia hadi leo. Haukuuma hata chembe. Uligeuka kidogo ukaishiwa, kana kwamba mtu amefunga koki mahali fulani huko juu. Nikajaribu tena. Nikajipanga vizuri, nikachuchumaa, nikavuta pumzi, nikajaribu tena. Spana ikanitoka ikaanguka kwenye tope. Niliitazama pale chini. Nikaiokota, nikaitia mkono wa kushoto, nikamaliza kazi kwa shida, nati imekaa upande.

Yule mama alikuwa amesimama barazani kwake, shali mabegani. Haoni vizuri magazeti lakini mengine yote anayaona.

"Fundi. Kwa nini leo unatumia kushoto?"

"Mshipa, mama. Lakini umerudi."

"Kama imerudi, basi tumia."

Nikainama kukusanya vifaa vyangu. Akaniambia anaye daktari wake Westlands, mtu mzuri, anamtibu tangu mumewe yuko hai. "Wewe enda kesho. Sema mimi nimetuma. Usiende tena kwa watu wa mafuta-mafuta." Sikumwambia habari za mafuta, nadhani alinusa vitunguu.

Jioni ile nilifika nyumbani kabla ya watoto. Nikatia ufunguo kwenye kufuli, nikageuza, ukakwama nusu. Mke wangu akatokea nyuma yangu na mfuko wa sukuma. Akaniangalia nikihangaika. Kisha akauchukua ufunguo kutoka mkononi mwangu, akafungua, akaingia. Akaanza kukata mboga. Na huyu ni mwanamke ambaye chumvi ikizidi kwa jirani yeye husema. Usiku nikamsimulia habari za spana.

Daktari wa Westlands alikuwa ghorofa ya juu, kwenye baridi ya mashine na viti vya ngozi. Mzee wa Kihindi, nywele nyeupe, mikono safi, na hakuwa na haraka. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia kisa changu humtukana, na mimi siwezi. Alinisikiliza kuliko wote.

"Tatizo ni nini?"

"Mshipa, daktari. Uliruka."

Akaweka kalamu chini. "Mkono ilivimba?"

"Sana."

"Rangi ilikuwa aje?"

"Nyeusi, bluu, mpaka karibu na kiganja."

Sasa alikuwa ameinuka kitini. Akakunja mkono wa shati lake, akanyoosha mkono wake, akaweka kidole kwenye kunjo la kiwiko, upande wa ndani, pale wauguzi wanapotoa damu. "Mshipa gani? Hii ya hapa?"

"Hapo hapo," nikasema, nikiweka kidole changu kwenye kunjo la kiwiko changu. "Hapo hapo kabisa, daktari."

Nilifurahi. Nilijiambia, huyu ndiye msomi, ameweka kidole penyewe bila hata kunigusa.

Akanitazama kwa uso ambao sikuupenda. Akanieleza taratibu kwamba damu ikiganda ndani ya mshipa wa mkono inaweza kusafiri, inaweza kufika kwenye mapafu, na ikifika huko mtu anaanguka tu, hata akiwa anakula. "Hii si mchezo," akasema. Akanishika mapigo, akanibonyeza kucha, akanipima shingo, akaniambia nikunje, ninyooshe, nifinye vidole vyake viwili kwa nguvu. Vyote nikafanya. Hakuniambia nigeuze kiganja. Na mimi sikumwambia habari za spana. Mtu akikwambia unaweza kufa ukila ugali, utaanza kumweleza habari za spana?

Siku hiyo hiyo akanituma mjini kupigwa picha ya mishipa. Jengo lenyewe ni katikati ya jiji, juu ya maduka ya simu, na kwenye ngazi nilipanda nikishikilia ukuta, nikisubiri kuanguka. Chumba kilikuwa na giza. Dada mmoja akanipaka kitu baridi mkononi, akateleza na kifaa chake kuanzia kwapani, na ghafla chumba kikajaa sauti. Fyu, fyu, fyu. Ilikuwa damu yangu. Nikalala nikisikiliza kama fundi. Mtiririko mzuri, presha sawa, hakuna hewa.

"Inapita vizuri?" nikauliza.

"Inapita vizuri sana."

Kifaa kikapita kwenye kunjo la kiwiko, kikaenda, kikarudi. Dada akaandika. Hadi leo ninapolala usiku huwa nakiona kile kifaa kikipita pale. Kilipita juu ya penyewe. Kilikuwa kimetumwa kutafuta damu, kikaipata, kikaendelea.

Daktari akanipigia simu nikiwa bado mjini. "Mshipa yako ni safi kabisa. Hakuna damu imeganda. Relax. Rudi kazi polepole." Nikasimama kando ya barabara watu wakinipiga vikumbo, machozi yakanitoka. Nikampigia mke wangu.

"Mishipa iko sawa! Yote! Mashine imesema!"

Nilisikia ndoo ikivutwa kwenye sakafu ya hizo ofisi zake. Kisha akauliza, "Na spana?"

Ghadhabu ikanipanda. "Mwanamke wewe! Mtu anakuambia amepona kifo, unamuuliza spana?"

"Haya, baba," akasema. "Mungu ni mwema." Akakata.

Baada ya hapo sikuenda kwa mtu tena. Kwa nini niende? Nilikuwa na neno la mama mkandaji na nilikuwa na neno la mashine, na yote mawili yalisema kitu kimoja. Mshipa umerudi, mshipa ni safi. Spana nikajiambia ni uoga, mkono umezoea kulala, utaamka. Nikawa nafanya kazi kwa kushoto. Kushoto hakujui kazi. Kwenye nyumba moja ya kupanga Westlands nilifunga bomba la choo, na wiki haikuisha maji yakapita kwenye dari ya jirani wa chini. Mlinzi wa jengo alinipigia kwa heshima mara ya kwanza. Mara ya pili nilipokwenda nilimkuta fundi mwingine amelala chini ya sinki langu, na kila mtu akajifanya hanijui.

Na mkono ukaendelea kujikusanya. Sijui niseme vipi. Ule uvimbe wa rangi uliisha, ngozi ikawa safi, na sasa kila nikikunja mkono, nyama yote ilikimbilia juu karibu na bega ikasimama kama ngumi, na chini yake pakawa bonde. Nilipita jim siku moja kuwasalimu. "Niaje buda! Ona hiyo mkono! Umetoa mzinga!" Wakanivua shati. Wakaniambia nikunje. Wakanipiga picha, wakapigiana kelele, wakataka kujua ninakula nini. Nikasimama katikati yao nikikunja na kucheka. Upande mmoja wa mwili wangu ulikuwa na baridi ambayo sikuweza kuieleza.

Mke wangu hakungoja ruhusa yangu. Katika jengo analosafisha kuna dada mmoja wa Pwani anayetibu misuli na viungo kwa mazoezi, na siku moja akifuta meza yake alimweleza. Yule dada akamwambia, mlete leo, usingoje kesho. Mke wangu akanipigia, akanena kwa sauti ambayo haikuruhusu mdomo. Nikaenda.

Alikuwa mwembamba, mtandio kichwani, Kiswahili chake kimenyooka hadi nikaona haya kufungua kinywa.

"Karibu kaka yangu. Nieleze."

"Ni mshipa, dada. Uliruka, ukarudi, lakini hauna nguvu."

"Mshipa upi? Wa damu, wa fahamu, au wamaanisha kano?"

Nikacheka. Hawa watu wa Pwani na maneno yao! "Dada, mshipa ni mshipa."

"La, kaka. Si hivyo." Hakucheka. Akaniambia niinue mkono wa kushoto, kiwiko nimekunja, kiganja kinitazame usoni. Kisha akaleta kidole chake cha shahada kutoka pembeni, akakipenyeza kwenye kunjo la kiwiko, akakikunja kama ndoano. Nikahisi kimeshika kitu. Kamba, ngumu, imekazwa. Akaivuta kidogo. "Wahisi? Hili ndilo kano. Ndilo linalofunga nyama kwenye mfupa. Bila hili nyama haina pa kushikia."

"Sasa wa kulia," akasema.

Nikauinua. Kidole chake kikaja kutoka pembeni, kikaingia kwenye kunjo, kikaenda. Kikaenda mbali kuliko kilivyokwenda kule. Hakikushika kitu. Akakitoa, akapangusa mkono wake kwenye koti, akajaribu tena, polepole zaidi. Mimi nilikuwa nikimtazama usoni, na niliona macho yake yakiniacha na kwenda kumtafuta mke wangu aliyesimama mlangoni na ufagio.

"Liliruka lini?" akauliza.

Nikamwambia. Akakaa.

"Hakuna aliyekwambia?"

"Daktari wa kliniki alisema umeshtuka. Mama alisema umerudi. Mashine ilisema ni safi."

"Mashine iliangalia mishipa ya damu, kaka. Hiyo ni safi kweli. Kano likikatika halirudi kwa kukandwa, wala halionekani ukitafuta damu. Hushonwa. Na hushonwa mapema, wiki mbili, tatu tukijaliwa, kabla halijanywea juu likagandana na nyama." Akasita. "Lakini mimi si mpasuaji. Nitakuandikia, uende mjini wakutazame vizuri."

Wiki tatu! Wiki ya tatu mimi nilikuwa navuliwa shati pale jim. Nilitaka kumkasirikia mtu. Nilitafuta, nikawapitia wote mmoja mmoja nikitembea kurudi Kangemi, maana sikutaka kukaa karibu na watu. Mama mkandaji alilikuta donge, akasema ukweli aliouona. Yule mzee wa Westlands aliweka kidole chake pale pale nilipoweka changu, na katikati ya vidole vyetu viwili kulikuwa na neno moja, yeye akiliona damu, mimi nikiliona kamba. Aliogopa kitu kikubwa kuliko changu. Akaniokoa na kifo ambacho sikuwa nacho. Nitampiga nani?

Wakati nikingoja siku ya mpasuaji, mkubwa wetu wa jim alikuja nyumbani kunipa pole. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia methali zake azipeleke sokoni. Koleo unanunua jingine. Mkono utaununua wapi? Akaondoka bila chai, na mke wangu, ambaye hawezi kuvumilia mgeni kuondoka bila chai, hakunigombeza. Hilo nalo lilinitisha.

Mpasuaji alikuwa kijana, mtulivu, ofisi yake iko katikati ya jiji, dirisha linatazama paa za majengo mengine na matangi ya maji juu yake. Nilikuwa nimeingizwa kwenye ile mashine kubwa ya sumaku kama mkate kwenye tanuri, na sasa picha zilikuwa kwenye kompyuta yake. Mke wangu alikaa karibu nami, mkoba mapajani, nguo zake za kanisani.

"Hapa," daktari akasema, akiweka kalamu kwenye mfupa, "ndipo kano lilipopaswa kuwa limeshikilia." Kisha akaipandisha kalamu, akaipandisha, akaipandisha. "Na hapa ndipo lilipo."

Akasema wangeweza kuazima kano dogo kutoka mguuni, wakaunga. Wangejaribu. Kukunja nitaendelea kukunja, kwa sababu kuna nyama nyingine inayosaidia. Kubeba mtoto nitabeba. Chakula nitajilisha.

"Na kugeuza?" nikauliza. Nikanyoosha mkono mbele yake, nikajifanya nimeshika spana.

Akautazama mkono wangu hewani. "Kugeuza kwa nguvu, kama zamani," akasema, "sitakudanganya." Akavuta fomu karibu, akaandika jina langu, umri wangu. "Unafanya kazi gani?"

Nikafungua kinywa. Mke wangu akanitangulia, kwa sauti ya chini, ya upole, kama anavyojibu mchungaji.

"Alikuwa fundi wa mabomba."

Nikamgeukia. Nilingoja ajisahihishe. Alikuwa akitazama mkoba wake, na daktari alikuwa ameshaandika.